Mamba wa Chaki

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ualimu wangu, mwanangu, ni ile niliyomwona mtoto wa darasa la kwanza akinyata kumwendea mamba, na aliyemfundisha kunyata hivyo ni mimi. Hadi leo nikiisimulia mwili unanisisimka. Lakini wiki ijayo na wewe unaanza kufundisha, basi kaa, nikueleze.

Nilikuwa msichana wa Mikindani, nimetoka chuoni na kichwa kikubwa. Nikapangiwa shule ya kijiji ukingoni mwa Ruvuma, siku zile ng'ambo ya mto bado wanatawala Wareno. Nilishuka kwenye lori na viatu vya visigino, vikazama topeni, watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Ningejua palepale kwamba mjinga wa mahali pale ni mimi, lakini wapi.

Chuoni tuliambiwa mtoto anajifunza kwa kucheza. Ni kweli, sikatai. Nilikuwa na kitabu cha picha za bustani ya wanyama: simba, twiga, kiboko, kila mmoja ndani ya uzio wake, na watu wako nje wanakula karanga. Nikachora vizimba kwa chaki sakafuni. Mtoto mmoja anaingia kizimbani anakuwa mnyama, wenzake wanamtazama anavyokwenda na anavyolia, wanabashiri jina lake. Walioupenda kupita yote ni mchezo wa mamba. Mmoja analala kifudifudi, kafumba macho, mkia wake kanga iliyosokotwa. Mwenzake ananyata, anaugusa mkia, anatimua mbio. Nikawatungia na kibwagizo, wakawa wanakiimba mpaka njiani: aliye nje ya uzio hana hofu.

Sasa sikia nisilolijua. Pale mtoni pa kuchotea maji, wanaume walikuwa wamechomeka miti majini, imesongamana, imezunguka kama ua. Mwanamke anaingia ndani ya ua na debe lake, anachota, anatoka upande wa nchi kavu. Mamba wako nje, na mto mzima ni wao. Mimi maji nililetewa na wanafunzi kwa zamu, nikayaogea, nikayanywa, wala sikuuliza yanatoka wapi. Uvivu mtupu.

Alasiri moja nikashuka kuchota mwenyewe. Kutoka juu ya kijia nikamwona Binti Mfaume, bibi mmoja jirani yangu, kainama ndani ya ua anajaza debe. Mjukuu wake Somoe, wa miaka saba, yatima aliyelelewa naye tangu ananyonya, katoka uani. Anatembea juu ya mchanga kwa ncha za vidole, mkono kaunyosha mbele. Nikatazama anakokwenda. Mwanangu, nilidhani ni gogo. Kisha nikaona meno.

Nilitaka kupiga kelele, sauti ikakataa. Nilichokisikia ni Somoe akiimba taratibu kile kibwagizo changu.

Binti Mfaume akageuka. Hakupiga ukelele. Alilirusha debe likiwa na maji yake, likatua mbele ya mamba kwa kishindo, mamba akapinduka na kupiga mkia, na huku bibi kishatoka uani, kamnyakua mtoto kwa gauni. Mkia ule ulipita palepale alipokuwa amesimama Somoe. Mamba akaingia mtoni, maji yakatulia.

"Bibi, nilikuwa nje ya uzio," Somoe akasema huku analia. "Mwalimu kasema aliye nje hana hofu."

Nikawafikia. Kwa kukosa la kusema nikamwamkia bibi shikamoo. Hakuitikia. Sijawahi kunyimwa marahaba maishani mwangu, si kabla ya siku ile wala baada yake.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, "hapa kwetu anayewekwa ndani ya uzio ni mtu. Huyu nimemkanya miaka saba asitoe hata kidole. Wewe umeyafuta yote kwa wiki mbili, maana anakuamini kuliko mimi. Kesho waambie watoto umekosea."

Unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Watanidharau, bibi." Naona haya hata kukwambia.

"Wakudharau wakiwa hai," akasema, akamshika mjukuu wake mkono wakaenda zao.

Asubuhi nikasimama mbele ya darasa. Nikasema nimekosea, mchezo ule ni wa picha, mtoni mamba hana kizimba, na asiutoe mtu nje ya darasa. Nikaona niulize tu, nijiridhishe, kama kuna mwingine zaidi ya Somoe aliyewahi kujaribu.

Mikono sita ikanyooshwa. Sita, mwanangu. Na mmoja, mtoto mpole wa dawati la mbele, akasimama anatabasamu, akaniambia, "Mimi nilimgusa, Mwalimu. Nilishinda." Nilikaa sakafuni mbele yao nikalia kama mjinga.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Cheza na watoto, usiogope michezo. Lakini kabla hujawapa mchezo, toka kwanza, tembea njia wanayopita, fika wanakochota maji, waulize bibi zao wanawakanya nini. Mtoto haliachi somo darasani. Analibeba, anakwenda kulifanya pale ambapo wewe hupo. Na ukikosea, usingoje aibu yako ipoe. Waambie walewale uliowafundisha, siku ileile kama unaweza. Mimi nilingoja usiku mmoja, na mpaka leo najiuliza ingekuwaje kama mmoja wao angetangulia mtoni alfajiri.

Nenda salama. Mungu akupe subira na masikio. Na kila asubuhi utakapofungua daftari ukaita majina, nakuombea kila jina liitikiwe.