Mlango wa Nduwa

Nilirudi Moshi na stashahada ya Ulaya niliyojilipia mwenyewe kwa kuosha sufuria hotelini. Sikusomeshwa na mjomba wala parokia. Ofisi yetu ya miradi ya maji pale Njoro ilikuwa na kompyuta moja tu, na kiti kilichokuwa mbele yake nilikihesabu changu.

Kazi ilikuwa mfongo wa kijijini kwetu mlimani, ule mfereji uliochimbwa na mababu. Tulitakiwa kuujenga ndani ya programu inayoiga mwendo wa maji, kisha mmoja wetu aende Arusha kuuonyesha kwa wafadhili. Nilichora vipande vyote kwa mkono wangu: mfereji wa juu, nduwa, yaani bwawa la kukusanya maji ya usiku, na mfereji wa chini. Kwa macho viligusana. Lakini programu ilipoendeshwa, maji yalifika mwisho wa kipande cha kwanza yakagota.

Ndipo akaletwa kijana wa digrii kutoka Dar, shati jeupe. Akavichagua vipande vyangu, akaviunganisha vikawa umbo moja. Maji yakashuka mpaka chini.

"Umeona?" mkuu wetu akaniambia, mkono wake begani kwa kijana. "Wewe unachora, mwenzako anaunganisha."

Begani kwangu mkono ule haukuwahi kufika.

Nikaikodolea skrini kama mtu anayetafuta unywele kwenye mchuzi wa mke mwenza. Nikaupata. Kwetu nduwa huzibwa jioni kwa gogo la mgomba na udongo ili ijae, asubuhi mwenye zamu huizibua. Kijana yule alikuwa ameyeyusha kila kitu kikawa kimoja. Hapakubaki pa kuziba.

"Mzee," nikasema, chumba kizima kisikie, "nduwa hiyo itajaaje? Huyu ameumeza mlango!"

Kijana akacheka. "Duh, braza, umenikamata! Sisi watu wa bomba tutayajulia wapi hayo?" Akatengua, akachonga kipande chembamba cha mlango, akakibana uso kwa uso na vingine, akaunganisha upya huku mlango ukibaki kipande kinachojitegemea. Chai ya mkuu ilikuwa bado inafuka moshi.

"Hiki ndicho kichwa!" mkuu akasema. "Anaambiwa mara moja tu. Arusha ataenda yeye."

Akaenda. Aliporudi, kiti kikawa chake.

Mpaka leo nikipanda kwetu alfajiri nikakuta nduwa imejaa, siyaoni maji. Naona shati lake jeupe, limeegemea kiti changu.