Dakika Moja ya Bibi

Juzi nilikwenda kuutazama mtaa wetu wa zamani, hapa hapa Doha, nikakuta jengo letu halipo. Si kwamba limechakaa, halipo kabisa. Pamezungushiwa uzio wa mabati, na ndani kreni inageuka polepole. Nina miezi mitatu tangu nirudi kufanya kazi West Bay, na kila Ijumaa nilikuwa nikijiambia nitapita kuliona. Nikasimama juani kama mjinga. Mlinzi, Mtanzania mwenzangu, akanitambua kwa sura tu, akaniuliza, "Dada, unamtafuta nani?"

Ngoja nikueleze, rafiki yangu. Mama alifariki nikiwa mchanga, bibi mzaa mama akanilea Tanga. Baba alikuwa huku, mpishi hotelini. Alipopandishwa cheo akaruhusiwa kuleta familia, na familia yenyewe ilikuwa mimi, mwenye miaka minane. Nikatoka kwenye nyumba ya watu kumi na mmoja, nikaingia chumba na sebule, kiyoyozi kinanguruma mchana kutwa. Nikirudi shule najifungulia mlango, napasha wali wa jana, nafuta vumbi la jangwani lililopenya dirishani, kisha nakaa. Baba alirudi jioni, ananuka vitunguu, hoi. Upweke ule, acha tu.

Aliyenionea huruma ni jirani yetu, mama wa Kikenya aliyefanya kazi ya kompyuta ofisini. Alikuwa akigonga mlango na chapati mkononi. "Aki wewe mtoto, umekaa pekee yako tena?" Ofisi yao ilipobadilisha mashine, akatuletea moja kuukuu, nzito kama gunia la mchele. "Ikikwama usiipige," aliniusia. "Izime, ungoje, uiwashe."

Loo, nilivyoipenda! Ndani yake mlikuwa na karata za kucheza peke yako, na ukishinda zilirukaruka kioo kizima. Katika programu ya kuandikia mlikuwa na kibanio cha karatasi chenye macho, kilichojitokeza kuniuliza kama nataka msaada wa kuandika barua. Nilikuwa nakijibu kwa sauti: ndiyo, nataka. Intaneti ilipita kwenye waya wa simu, ikilia na kukoroma kabla ya kukubali. Lakini kipenzi changu kilikuwa programu ya kurekodi sauti. Ukisema, mstari wa kijani unacheza. Kasoro yake moja: ikifika dakika, inajizima. Hata uwe katikati ya neno.

Kwa njia hiyo nikaanza kuzungumza na bibi. Binamu yangu Tanga alimpeleka kwenye duka la intaneti, bibi akarekodi dakika yake, binamu akaituma kwa barua pepe. Simu ilikuwa ghali. Baba alimpigia bibi Ijumaa akiwa kazini, kwa kadi, maneno mawili matatu. Na wakati ule kulikuwa na jambo moja tu nililotaka kulijua duniani. Baba alikuwa ameahidi kumwombea bibi viza aje kukaa nasi. Kila alipomuuliza kwenye simu, bibi alijibu, "Hilo nitamwambia mjukuu wangu mwenyewe."

Sasa msikilize bibi anavyorekodi. Kwanza kimya. Ananingoja nimwamkie! Kisha, "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?" Kimya tena, niseme sijambo. "Baba yako hajambo?" Kimya. "Jirani yenu Mkenya, naye mzima?" Kimya. "Na hiyo mashine yenu, haijambo?" Binamu alimweleza mara ngapi kwamba mimi sipo mle ndani! Bibi hakutaka kusikia. Ukimuuliza mtu hali, alisema, mpe nafasi ajibu. Na mimi huku, wallahi, nilikuwa nikijibu zote, nimesogeza uso karibu na spika. Halafu bibi anakohoa kidogo: "Haya, sasa kuhusu ile safari..." Kwisha. Dakika imekatika.

Mara nne hivyo hivyo. Ya nne nikalia kwa hasira. Nikarekodi ya kwangu, bila hata shikamoo, Mungu anisamehe: "Bibi, usinisalimie. Salamu zinamaliza dakika. Sema tu kama unakuja."

Jibu lilifika baada ya wiki mbili. Hakungoja nimwamkie. "Siji, mwanangu," alisema, haraka, kama mtu anayeogopa kukosea. "Miguu imekataa. Wewe kaa na baba yako." Nikaifunga rekodi palepale. Nikanuna. Sikujibu wiki ile, wala mwezi ule. Naye hakutuma tena. Nikajiambia nikifunga shule nitamtumia salamu ndefu. Mchana mmoja nikamkuta baba nyumbani kabla ya saa zake, amekaa sakafuni na viatu vya kazi miguuni, na kabla hajafungua mdomo nikajua bibi hatunaye.

Siku hizi dogo yeyote wa Doha anarekodi sauti kwenye simu hata robo saa, akitaka, na anaanza tu: "Sikia, kesho uje." Kile kibanio chenye macho kilistaafishwa. Kinasa sauti kile kikabadilishwa kwa kipya kisichojua dakika, kisha simu zikavimeza vyote. Barua pepe yetu ilifungwa na kampuni yenyewe, na bibi yangu mle ndani. Jirani alirudi kwao Kenya. Mashine sikumbuki hata ilitupwa lini.

Lakini sijakwambia yote. Wiki ile ya msiba, baba akiwa ametoka, niliifungua tena dakika ile ya mwisho. Nilitaka sauti yake tu. Akasema siji, akasema miguu, akaninyamazia. Safari hii sikuifunga. Binamu hakuwa ameizima, maana mkubwa hakatizwi. Feni ya duka ikazunguka. Mtu akapiga chafya, vidole vikagonga vibonye. Bibi alikuwapo, nilimsikia akipumua, amekaa ameshika adabu niliyomwekea mimi, mtoto wa miaka tisa. Sekunde zikaenda, zikaenda. Mwisho kabisa akamnong'oneza binamu:

"Nimeshasema. Sasa naweza kumsalimu?"

Binamu akavuta pumzi amjibu, na dakika ikaisha.