Ungo Kati ya Zuhura na Barnaba

Nyinyi mliowahi kurudisha mkanda wa kaseti kwa penseli, sogeeni karibu, maana haya ni yenu. Vijana nao wanaruhusiwa kusikiliza, ila wasituulize penseli ilihusikaje. Tumechoka kueleza.

Makote ya utoto wetu, kijiji chetu huko Newala, ilinuka mabibo. Msimu wa korosho ukifika, tulikula mabibo mpaka midomo ikawasha, na maji yake yakaacha madoa kwenye sare za shule ambayo hayakutoka hadi sare yenyewe ilipochakaa. Mwalimu alituchapa kwa ajili ya madoa, tukifika nyumbani mama naye akatuchapa kwa madoa yaleyale, na kesho yake tulikuwa mikoroshoni tena. Asubuhi tulikula ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, tukiichovya kwenye chumvi na pilipili, huku tunapuliza vidole. Leo nikiwapikia wajukuu ming'oko wananiuliza kama ni dawa.

Na maji, jamani! Newala Mungu alitupa hewa nzuri, ubaridi wa kulala na shuka mchana, lakini maji akayaweka bondeni. Tulishuka na ndoo tupu tukiimba, tukapanda na ndoo kichwani kimya kabisa, kwa sababu ule mlima haukubakiza pumzi ya wimbo. Watani wetu wa Masasi, walioko kule chini kwenye joto na majabali yao, walisema watu wa Newala tunaoga kwa kuhadithiana. Sisi tuliwajibu kwamba wao wanahitaji maji mengi kwa sababu wananuka jasho. Utani huo ndio uliozaa wimbo ninaotaka kuwakumbusha.

Dada yangu mkubwa, Zuhura, alikuwa na sauti ambayo ukiisikia unaacha kutwanga. Barnaba alikuwa kijana wa Lupaso, upande wa Masasi, na kila msimu alipanda kuja kwa shangazi yake, jirani yetu, kusaidia kuokota korosho. Kwao walikuwa watu wa misheni tangu enzi za babu zao. Aliimba kwaya kanisani, na alikuwa na gitaa la kujitengenezea ambalo ubao wake uliwahi kuwa mlango wa banda la kuku. Akiwa chini ya mkorosho mmoja na dada chini ya mwingine, walikuwa wakitupiana maneno ya utani. Yeye akitupa mstari, dada anaurudisha. Korosho zilipokaribia kwisha, wimbo ulikuwa umekamilika. Waliuita "Panda Nishuke".

Ndani ya wimbo walikuwa mume na mke waliogombana. Mume yuko Masasi, anamwambia: "Shuka mke wangu, huku maji tele, utaoga usahau vumbi." Mke yuko Newala, anamjibu: "Panda mume wangu, huku hewa tele, utalala bila kupepewa." Sisi watoto tulikuwa kiitikio, tukipiga makofi: "Panda nishuke, shuka nipande, tutakutana mlimani!" Nadhani hakuna aliyefikiria kwamba wakikutana katikati ya mlima watakuwa hawana hewa wala maji. Wimbo ukiwa mzuri hayo hayaonekani.

Mwenye redio ya kurekodia alikuwa Baba Sharifa, muuza duka. Alituingiza kwenye stoo yake, katikati ya magunia ya korosho, maana aligundua kwamba humo sauti haipigi mwangwi. Studio za siku hizi wanabandika masponji ukutani wakajiona wataalamu. Tatizo likawa moja. Kinasa sauti cha redio ile kilikuwa tundu dogo pembeni, na waimbaji wote wawili walitakiwa kulisogelea, pua kwa pua. Na dada alikuwa ameshaposwa na Issa, kijana muuza vitenge wa Mkomaindo, pale Masasi mjini. Posa ilipokewa, ikabaki siku ya ndoa tu.

Mama alitazama zile pua mbili, akatoka, akarudi na ungo. Aliushika mwenyewe katikati ya nyuso zao, kama mtu anayezuia vumbi la pumba. "Sasa imbeni," akasema.

Wakaimba. Dada aliimba kwenye ungo upande huu, Barnaba upande ule, na katikati ya ubeti wa pili jogoo wa Mama Sharifa akawika dirishani. Baba Sharifa alitaka kurudia, lakini betri zilikuwa zinakaribia kufa, kwa hiyo jogoo akabaki.

Sijui niwaeleze vipi ule wimbo ulivyotembea. Baba Sharifa alimpa kaseti dereva wa basi la Masasi, dereva akamnakilia mwenzake, na kabla mvua hazijaanza barabara yote ya Newala hadi Masasi ilikuwa inapanda na kushuka pamoja nao. Watu wa Masasi waliimba sehemu ya mume kwa kiburi, wa Newala wakajibu sehemu ya mke. Shuleni tuligawana mstarini, wengine Masasi, wengine Newala. Wapo waliosafiri mjini wakasimulia kwamba wameusikia huko, na kila mtu aliusifu ufundi wa yule jogoo, jinsi alivyoingia mahali pake. Mama Sharifa alikataa kumchinja mpaka alipokufa kwa uzee.

Ila wapenzi wasikilizaji wakaelewa walivyotaka. Kwao, watu wanaogombana kwa ufundi namna ile, kila mmoja anajua mwenzake analala vipi na anaoga vipi, wangekuwaje kama si mke na mume? Dada akipita sokoni alisalimiwa, "Mama, mzee hajapanda bado?" Barnaba kwao Lupaso akaulizwa mke analetwa lini. Na kule Mkomaindo wateja walimwambia Issa waziwazi: uchumba gani huo, unaposa mke wa mtu, tena mtu mwenyewe tunamsikia kila siku kwenye basi?

Washenga wa Issa walikuja na nyuso ndefu. Walisema hawamlaumu mtu, wanataka tu kujua binti ni wa nani. Baba aliwakaribisha, lakini mnajua kwetu ilivyo, binti akiwa na jambo, neno la mwisho ni la mjomba. Mjomba Saidi akaitwa. Alifika akiwa amekwisha kasirika tangu njiani, kwa sababu na yeye alikuja na basi, na basi lilipiga wimbo.

Tulirundikana nyuma ya jiko kusikiliza.

"Shikamoo mjomba," dada akasema.

"Marahaba. Umeolewa lini, Zuhura? Maana mimi mjomba wako sikuletewa hata kuku."

"Sijaolewa, mjomba. Ni wimbo tu."

"Wimbo tu!" Mjomba akacheka bila furaha. "Ndoa ya mama yako walisikia watu wa kijiji hiki. Hii yako imesikiwa mpaka na watu wasiotujua. Ipi kubwa?" Akamgeukia Barnaba, aliyeitwa naye akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. "Na wewe, kijana wa Lupaso. Una neno?"

Nilikuwa mdogo, lakini nilijua kwamba swali lile si la utani. Mjomba aliuliza kweli, akangoja kweli. Dada aliinua kichwa. Shangazi wa Barnaba akaacha kupepeta. Barnaba alitazama mikono yake iliyochafuka utomvu wa korosho, akatazama mlango, na nadhani alimwona mama yake kanisani Lupaso na baba yetu na tasbihi yake, akaona na safari yote iliyopo katikati.

"Sina, mjomba," akasema.

"Basi mtaachana. Mlioana kwa wimbo, mtaachana kwa wimbo, na wote waliosikia lile wasikie na hili."

Vijana wakisikia habari hii wanacheka mpaka wanakohoa. Sisi hatukucheka. Kwetu lilikuwa jambo la maana, na washenga walikubali kwamba ni utaratibu mzuri.

Kwa hiyo tukarudi stoo, mjomba akiwa kwenye gunia kama hakimu. Barnaba alitunga talaka yenyewe kwa heshima: mume anasema mlima umemshinda, anamwachia mkewe hewa yake nzuri. Mke alitakiwa kujibu mstari mmoja tu, "Nenda salama, mume wangu, maji yakutoshe." Dada aliukariri tangu asubuhi akiwa anafagia. Baba Sharifa aliweka betri mpya. Wakasogelea lile tundu dogo, na dada akageuka kumtafuta mama. "Ungo, mama?"

"Watu wanaoachana hawahitaji ungo," mama akasema.

Ikawa mara ya kwanza wanaimba wakiwa wanatazamana. Barnaba alimaliza sehemu yake vizuri. Ikafika zamu ya dada. Alifungua mdomo, akamtazama, akaufunga. Mkanda ulikuwa unazunguka. Tulisubiri, na hata jogoo siku ile hakusaidia. Mwisho Baba Sharifa akazima redio.

"Hajajibu," alimwambia mjomba.

Mjomba alijikuna kidevu. "Talaka haihitaji jibu la mwanamke," akasema. "Imetosha."

Issa alimwoa dada baada ya Idi, na ile kaseti ya talaka haikufika popote. Makondakta walikuwa wakiipeleka mbele wanarudi kwenye "Panda Nishuke". Barabara nzima ilikataa kuwaachanisha. Barnaba hakuja tena kwa shangazi yake msimu uliofuata, wala misimu ya baadaye. Dada aliolewa, Barnaba naye akaoa kwao, maisha yakaenda. Na niseme ukweli, shemeji Issa ni mume mwema, mcheshi kuliko sisi wote, na aliupenda ule wimbo kuliko mtu yeyote. Alihamia Makote, akajifunza sehemu ya mume yote. Akianza tu "Shuka mke wangu," dada humkata: "Hapo si kwako." Naye anacheka, anaendelea na chai yake.

Sasa nije kwa hawa wa leo. Nasma, mjukuu wa dada, ameutoa upya "Panda Nishuke" na kijana mmoja wa Masasi, na umevuma kwenye masimu yote. Kila harusi unapigwa. Nilimuuliza walirekodia wapi. Akasema yeye chumbani kwake Newala, kijana chumbani kwao Masasi, wakatumiana sauti kwa simu. Hawajawahi kuonana! Mume na mke hawajui hata urefu wa mwenzake. Alimchezea dada ule wimbo sebuleni. Dada alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Huyo jogoo si wa Makote." Kumbe walimtoa mtandaoni.

Nasma alitaka pia idhini ya mtunzi mwenzake, ndipo akampigia Barnaba kwa simu ya kuonana nyuso, akaisogeza kwa bibi yake bila kutuonya. Dada akajikuta anamtazama mzee wa Lupaso, mvi tupu, meno machache, amevaa kofia ya sufu mchana wa jua. Pua kwa pua.

Shemeji Issa aliweka kikombe chini. Akainuka kwa magoti yake mabovu, akaenda jikoni, akarudi na ungo. Akauweka katikati ya mkewe na simu, akaushika.

"Sasa imbeni," akasema.

Tulicheka wote. Kutoka kwenye simu tulisikia Barnaba naye anacheka, kicheko kilekile cha mikoroshoni. Kisha dada, akiwa amejificha nyuma ya ungo na macho yake yamefumbwa, akaimba taratibu kwa sauti iliyokwaruza kidogo: "Nenda salama, mume wangu, maji yakutoshe."

Halafu Barnaba akasema, "Ahsante, Zuhura. Nimesikia."

"Bibi, subiri, rudia!" Nasma akaruka. "Sikurekodi!"

"Hii si ya kurekodi," dada akasema, akamwambia mumewe arudishe ungo jikoni.

Nasma anasikitika mpaka leo. Watoto hawa wanarekodi kila kitu, chakula kabla hawajala na msiba kabla hawajalia, na simu zao zimejaa mambo ambayo hakuna anayeyarudia kuyasikiliza. Enzi zetu tulikuwa na redio moja, betri za kubania na ungo wa mama, na wimbo mmoja ulitutosha maisha. Ule mstari wa mwisho haumo kwenye kaseti yoyote. Tuliousikia ni sisi tuliokuwepo, na mimi nilipousikia nilipiga makofi ya kiitikio.