Siku Nilipopamba Kapu kwa Masale

Jamani, aibu niliyoipata kule Uru mlimani, mwingine angehama mji. Mimi nipo hapahapa Moshi, naenda sokoni kama kawaida, wauza nyanya wananiita "Mama Masale" na ninaitika, tena kwa sauti. Kaeni niwaambie kwa nini.

Miaka ile redio zisizo za serikali ndiyo kwanza zimeruhusiwa, na sisi tulikuwa na redio yetu ya wananchi, chumba kimoja juu ya duka la vipuri, magodoro yamegongomewa ukutani ili honi za barabarani zisiingie hewani (ziliingia tu, na matusi ya makondakta pia). Matangazo ya biashara hatukuyapata, tuliishi kwa michango, na mchangishaji nilikuwa mimi, Zuhura, binti wa fundi cherehani wa Soweto ya hapa Moshi, mwenye mdomo ambao mama alisema utaniponza. Basi siku moja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, mtambo wa kurushia matangazo ukaungua. Kimya. Mkuu wetu, Aloyce, akaniita.

"Zuhura, tukikosa mtambo mwingine tunafunga, kila mtu aende kwao. Jumapili nenda Uru baada ya misa. Anza na Mzee Ludovick. Yeye akitoa, watu wanatoa. Akikataa, rudi nyumbani."

Alichosahau kuniambia (na hilo sijamsamehe hadi leo) ni kwamba Mzee Ludovick na mdogo wake, Mzee Deo, mashamba yao yamepakana lakini walikuwa hawasalimiani kwa miaka mingi, ugomvi wa zamu ya maji ya mfereji, na kanisani mmoja alikaa kulia mwingine kushoto, na kijiji kikagawanyika hivyohivyo.

Nikafika misa haijaisha. Fundi wetu akafunga spika na kipaza sauti uwanjani, mimi nikaliangalia kapu la michango nikaona haya, maana lilikuwa kapu langu la kununulia dagaa na harufu bado ilikuwemo. Nikasema hapana, redio ina heshima yake, hili kapu lipambwe. Ng'ambo ya uwanja kulikuwa na masale, ile mimea ya majani ya kijani ambayo Wachagga hupanda mashambani, mazuri, marefu, yanang'aa kwa umande. Nikaazima panga kwa mama mmoja aliyekuwa anamenya ndizi, nikamuuliza pale ni kwa nani, akasema kwa Mzee Deo. Nikaenda nikakata mzigo mzima tangu chini. Kisha nikayazungusha kwenye kapu, na lile zuri kuliko yote nikalipiga fundo nikaliweka mbele, nikajisifu kabisa kwamba nina mkono wa mapambo.

Msinicheke. Nimezaliwa Moshi, masale nayaona tangu nikiwa mtoto, lakini baba na mama walitoka Tanga, na nyumbani kwetu nilichoambiwa juu ya masale ni kwamba hayanyauki upesi.

Watu wakatoka kanisani. Nikamwendea Mzee Ludovick, nikapiga magoti kama nilivyolelewa, nikamnyooshea kapu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu." Akaliona kapu, akaligusa lile fundo. Halafu akauliza polepole, "Hili sale limetoka wapi?"

"Pale kwa Mzee Deo, babu. Nimetumwa nikuombe. Tafadhali usikatae."

Mzee akalichomoa lile lenye fundo, machozi yanamtoka, akanipita bila kuweka kitu kapuni, akavuka uwanja mzima mpaka alipokaa mdogo wake, akamkumbatia. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikasema moyoni, kumbe redio yetu inapendwa hivi! Nikakimbilia kipaza sauti (Mungu anisamehe) nikapaza, "Oneni, ndugu wananchi, oneni mapenzi ya redio yenu!"

"Nimepokea, Deo," Mzee Ludovick anasema.

"Umepokea nini?"

"Sale lako."

"Mimi sijatuma sale."

Vigelegele vikakatika. Macho yote yakanigeukia. Dada yao, Bibi Yusta, akaja na mkongojo wake, akageuza kapu huku na huku.

"Wewe mtoto, haya umeyakata wapi?" Nikaonyesha. "Yale masale ni mpaka! Mpaka wa hawa wawili! Mpaka haukatwi. Na sale likifungwa fundo likapelekwa kwa mtu ni kuomba msamaha, na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Wewe umefanya pambo la kapu la dagaa!"

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu, kwa hiyo hayo yote yalisikika mpaka kwenye migomba ya mbali. Hapo mwenye akili angekaa kimya. Mimi nikaamua kurekebisha, nikamkimbilia Mzee Ludovick nikalikamata lile sale. "Samahani babu, nirudishie, nilikosea." Umati ukaguna. Navuta, hataki kuachia, navuta tena, nikateleza, nikakaa kitako ndani ya kapu langu mwenyewe, mtandio huko, kiatu huko. Niliona haya, jamani, nikatamani ardhi ipasuke.

Mzee Ludovick hakucheka. Alinisubiri ninyanyuke, akanirudishia mtandio wangu, kisha akamgeukia mdogo wake.

"Sale likishapokewa halirudi. Kama hukulituma wewe, basi ninakuletea mimi."

Mzee Deo akalitazama. "Na maji, kaka?"

"Maji tutayazungumza. Kwanza pokea."

Akapokea. Na mimi nikalia hadharani.

Mchango? Mzee Deo akatoa ndama, kaka yake hakukubali kuzidiwa akatoa fahali, wa kulia na wa kushoto wakashindana kwa mikungu ya ndizi, kahawa na majogoo, mnada ukafanyika palepale, na mtambo ukanunuliwa. Wao wakanywa mbege, pombe yao ya ndizi, mimi wakaniletea chai ya maziwa. Siku redio iliporudi hewani nilisimama barabarani nikaisikia kwa kinyozi, nikavimba kichwa kama niliyeiunda.

Siku hizi sikati hata jani la mchaichai bila kumuuliza mwenyewe, na kisha namuuliza na jirani yake. Bibi Yusta alikuwa ameniamuru nirudi kupanda upya nilipokata, nikarudi na miche yangu na jembe. Mzee Ludovick alinikuta nimeshaanza kuchimba.

"Acha, mwanangu," akasema, akapita katikati ya lile pengo. "Hapa ndipo ninapopitia kwenda kwa Deo."