Mashini ya Mbali Ilimukatala Achille

Kila asubuhi, mbele ya kunywa chai, yaya wangu Achille, kaka yangu, alikuwa anashika mukono wa mama, anasoma saa yake, kisha anaenda kuiandika katika ordinateri, kompyuta yake. Ile ordinateri ilitoka Kinshasa, mutumba. Betri ndogo ya ndani ilikufa, basi ukiizima inasahau saa. Ukiiacha ijitafutie kwenye mutandao, inaleta saa ya Kinshasa, yenye iko nyuma ya yetu saa moja. Mama alikuwa anamutania: "Ndevu zimeota, na ungali unashikilia mukono wa mama."

Tunakaa Majengo, mashariki ya inchi, nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano. Kaka yetu mukubwa, Benny, alikuwa anaendesha moto, pikipiki ya kubeba watu, kule Kiwanja kwenye vita. Walimurudisha maiti, amefungwa ndani ya turubai. Moto yake ilibaki kule kwa mjomba, nzima, hata taa haikupasuka.

Papa alisema: "Achille, Ijumaa ikipita bila kazi, Jumamosi unaenda kupanda ile moto. Siwezi kulisha mutu wa kuangalia kioo."

Toka siku ile Achille alikuwa anaacha chakula kwenye sahani.

Kazi aliyokuwa anatafuta ni ya watu wa inje. Walimupa jaribio: andika programu inayosoma maji ya matanki kumi na kusema kila moja litakauka siku gani. Unaifunga kwa namna inaitwa WebAssembly, inakuwa kitu kidogo chenye mashini yoyote inaweza kuendesha. Unaituma kwa anwani yao ya mutandao, mashini yao inaiendesha huko huko mbali, inakurudishia jibu. Mwisho ni Ijumaa, saa sita ya muchana, saa yetu.

"Ni kama kutuma mutoto soko," mama akasema.

"Ndiyo, mama. Lakini huyu wangu wanamufukuza kwenye mulango."

Kwani toka Jumatatu mashini ilikuwa inamukatala. Maneno mawili ya Kiingereza tu, kwamba hana ruhusa. Haikusema sababu. Akafikiri programu ni nzito. Jumanne akaipunguza. Jumatano akaondoa kipande cha kuangalia tanki tupu. Kila mara alikuwa anaandika juu ya ile ya zamani, kwani nafasi ndani ya ordinateri ilikuwa ndogo. Alhamisi alilaza paji la uso juu ya meza, akabaki vile mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, saa tano, akamuita Florent, rafiki yake mwenye kutengeneza maordinateri karibu na mupaka. Florent akaangalia, akacheka.

"Ndugu yangu, wewe unaishi saa moja mbele ya dunia nzima."

"Saa ni ya mama. Iko sawa."

"Saa iko sawa, lakini ordinateri inaamini iko Kinshasa. Saa tano yako inaitangaza kama saa tano ya kule. Kila ombi linabeba saa yake. Wale wanapokea barua iliyoandikwa saa yenye haijafika. Hata mimi ningekufukuza."

Achille akatoa Kinshasa, akaweka Lubumbashi, yenye saa kama yetu. Akatuma. Mashini ikakubali. Mama alitoka kwenye jiko la makala na mikono yenye unga. Jibu likarudi mbele hatujapumua: matanki tisa, vizuri. La kumi lilikuwa tupu, na programu ikaanguka.

"Rudisha ile ya Jumatatu," Florent akasema.

"Haiko."

"Haiko namna gani?"

"Niliandika juu yake."

Akaanza kutengeneza tena kile kipande. Vidole vilikuwa vinagonga pembeni, anafuta, anarudilia. Akatuma, ikaanguka. Akatuma, ikaanguka. Mara ya tatu saa sita ilikuwa imepita dakika mbili. Mashini ikajibu kwamba jaribio limefungwa. Kama ile ya mwisho ilikuwa nzuri, hakuna mwenye kujua.

Florent alimugusa bega, akaondoka.

Papa alirudi saa tisa. Aliona uso wa mama, akasema tu: "Begi yako ya Kiwanja iko tayari?"

"Iko, papa."

Achille akavaa viatu, akafunga kamba taratibu, akafungua tena, akafunga.

"Unaenda wapi?" mama akauliza.

"Kununua kredi ya simu."

"Pitia ununue na makala."

"Ndiyo, mama."

Alituangalia mumoja mumoja, akatoka, akaacha begi karibu na kitanda. Jumamosi mjomba alipiga simu kutoka Kiwanja kuuliza kama Achille ameshaanza safari. Huu ni mwezi wa tano sasa toka atoke, na hajarudi.