Mpwa wa Msimamizi

Mjomba wangu alifungua kafe ya intaneti Lushoto mjini muda mfupi baada ya kupunguzwa kazi kwenye shamba la chai kule Usambara Mashariki. Shamba lilikuwa la serikali, likauzwa, na wenye shamba wapya wakasema watu wamezidi. Alirudi nyumbani na sanduku la nguo, redio, na kiinua mgongo ambacho kila ndugu alikitolea ushauri. Wengine walisema anunue Fuso abebe kabichi kwenda Dar, wengine wakasema apande matunda ya plamsi, wengine ajenge nyumba ya kupangisha. Yeye akanunua kompyuta kuukuu. Siku zile neno utandawazi lilikuwa midomoni mwa kila mtu, redioni hadi msikitini, na mjomba alisema hataki kusubiri limkute shambani akipalilia.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yasiyonipeleka popote. Mama akanishika mkono akanipeleka kwa kaka yake. "Akufundishe kitu," alisema. Basi nikawa nafungua kafe asubuhi, napangusa vioo vya kompyuta, maana ukungu wa kwetu huingia hadi ndani, nakaribisha watalii na wanachuo, na nawasha jenereta umeme ukikatika. Pasipokuwa na mteja, nilicheza.

Ulikuwa mchezo wa miji. Kila mchezaji anapewa kipande cha ardhi kwenye ramani, analima, anajenga ukuta, anafunza askari, na akitaka anavamia mji wa jirani. Haulali. Wewe ukienda kula, wenzako wanaendelea. Kampuni yenye mchezo ilikuwa ng'ambo, nayo iligawa wachezaji kwa lugha. Sisi Waswahili tulikuwa na ramani yetu na jukwaa letu la kuzungumzia, watu wa Dar, Mombasa, Nairobi, na wanafunzi waliotawanyika huko duniani. Juu yetu aliwekwa mtu wa kujitolea, msimamizi, wa kusikiliza malalamiko. Aliweza kumfungia mchezaji yeyote asiingie tena. Mtu huyo alikuwa mjomba.

Walimchagua kwa sababu ya lugha yake. Alikuwa anaandika Kiswahili cha ofisi, kimenyooka, chenye "ndugu wachezaji" na "tafadhali zingatieni". Watu walimheshimu. Alipenda kutaja kwamba jamii yetu inaongozwa kutoka milimani, Lushoto, kwenye kafe yake iliyo karibu na stendi. Nilidhani hakuna aliyejua kwamba pembeni yake yupo mpwa wake, anacheza chini ya jina la ua.

Nilijiona hodari sana. Mji wangu ulikua haraka, na waliojaribu kuuvamia walipata matatizo. Mmoja alionywa kwa kosa la kutumia lugha chafu, mwingine akafungiwa wiki nzima kwa kosa ambalo sikulielewa vizuri, na wala sikuuliza. Mimi niliona ni ukuta wangu. Niliandika jukwaani kwa majivuno, nikajifanya mkubwa, nikawaita watu dogo. Mtu asiyekuona usoni unaweza kumwita chochote.

Kulikuwa na mchezaji mmoja aliyesema anatoka Muheza. Alikuwa mpole, hana maneno mengi, na alicheza vizuri kuliko wote. Siku moja alinipiga. Alikuwa amepeleka askari wake kidogokidogo, akawaficha msituni, na nilipowatuma wangu kwenda kuiba chakula cha jirani, yeye akaingia mjini mwangu na kuuteka. Lilikuwa jambo la akili na la halali. Nililia, kweli kabisa, mbele ya kompyuta. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwandikia: "Dogo, rudi ukacheze gololi."

Kesho yake mji wangu ulikuwa umerudishwa, na jukwaani kulikuwa na tangazo la mjomba. Mchezaji wa Muheza amefungiwa moja kwa moja kwa kuendesha akaunti mbili. Mjomba alimwita mwizi. Nilifurahi. Niliona haki imetendeka.

Haikupita muda mrefu, mchana mmoja wa mvua nyembamba, akaja mama mmoja mlangoni. Alikuwa mtu wa makamo, amejifunga kanga mbili na juu yake kavaa sweta la kiume, anatetemeka kama watu wote wanaopanda kutoka bondeni bila kujua baridi yetu. Mkononi alikuwa na kikapu cha machungwa.

"Hodi hapa."

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Namtafuta msimamizi wa ule mchezo wa miji."

Mjomba akainuka kwenye kiti chake. Walisalimiana kwa adabu, wakaulizana safari, mvua, na barabara ya kutoka Mombo. Kisha mama akasema yeye ndiye mchezaji wa Muheza aliyefungiwa.

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kupangusia. Nakumbuka nilikikunja, nikakikunjua, nikakikunja tena. Yule niliyemwita dogo alikuwa na umri wa mama yangu. Kwetu mtoto hupigwa kwa kumpita mtu mzima bila shikamoo, na mimi nilikuwa nimemwambia mama wa watu akacheze gololi.

Alieleza bila kupandisha sauti. Alikuwa anauza viungo sokoni Muheza. Mwanawe alikuwa masomoni India, na simu za nje zilikuwa ghali, unapiga, salamu haijaisha, imekatika. Kijana huyo ndiye aliyemfundisha kuingia kwenye mchezo, ili wawe na mahali pa kukutana. Miji yao ilipakana. Jioni akifunga meza yake alikwenda kafe ya pale mjini kwao, na wakawa wanapelekeana mahindi ya mchezoni na habari za nyumbani. Mwanawe alipoingia kwenye mitihani alimpa mama neno lake la siri, amwangalizie mji usije ukaliwa.

"Hizo ndizo akaunti mbili," alisema. "Yangu na ya mwanangu. Sikujua ni kosa."

"Ni kosa mama," mjomba akasema. "Sheria inakataza akaunti mbili kwenye mashine moja. Imeandikwa."

Mama akaitazama ile kafe. Akaangalia kompyuta ya mjomba na kiti changu kilichokuwa karibu yake.

"Na hapa kwenu, mnacheza wangapi?"

"Nacheza mimi tu."

"Na huyo mwenye mji niliouteka, mnamfahamu? Maana nilisikia watu wakisema ni mtu wa kwenu."

"Simfahamu," mjomba akajibu. "Wachezaji ni wengi."

Hakuniangalia. Wanachuo wawili waliokuwa wakiandika barua zao waliacha kubofya. Mimi nikainamia kitambaa changu. Mama alishukuru kwa kusikilizwa. Akaacha machungwa mezani, kwa sababu mgeni harudi na alichokuja nacho, akaaga.

Mgeni husindikizwa, kwa hiyo nilitoka naye. Mvua ilikuwa imekatika lakini majani ya mikalitusi yalikuwa bado yanadondosha. Tulipofika karibu na stendi ndipo nikasema.

"Mama, yule mwenye jina la ua ni mimi. Yule ni mjomba wangu. Tunatumia mashine moja."

Alisimama. Akanitazama kuanzia ndala hadi kilemba.

"Wewe ndiye uliyeniambia nikacheze gololi?"

"Ndiyo mama. Naomba unisamehe."

Alicheka kidogo, kicheko kikaisha njiani. "Mji si kitu, mwanangu. Miji ya kwenye kioo. Kilichoniuma ni kuitwa mwizi kwenye jukwaa ambalo mwanangu analisoma. Aliniandikia baada ya mtihani, akaniuliza, mama, umefanya nini?"

Basi la Tanga, linalopita Muheza, lilikuwa linapiga honi. Akapanda.

Jioni ile, tulipokuwa tunafunga, nilimwambia mjomba kwamba nimemweleza yule mama ukweli. Nilitegemea atanifokea. Alikaa tu, akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya shati.

"Unajua pale shambani walibaki kina nani?" aliniuliza. "Mwenye shamba mpya alisema watabaki wanaofanya kazi vizuri. Akabaki shemeji wa meneja. Akabaki mtoto wa dada yake. Mimi niliyejua kila gunia lililotoka pale nikaambiwa nipumzike. Nikajiapiza, nikipata nafasi yoyote, hata iwe ndogo namna gani, mtu wangu hataonewa mbele yangu."

"Lakini mimi sikuonewa mjomba. Nilishindwa."

"Ulilia," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wale wote aliowafungia, aliwafungia kwa ajili yangu. Hakukuwa na ukuta hodari wala askari hodari. Kulikuwa na mtu mzima aliyeumizwa, na mimi nilikuwa dawa aliyojipaka. Nilimpenda sana wakati ule, na niliona haya kumtazama.

Nilimwomba anifungie na mimi, sheria iwe moja. Akakataa. Nikamwomba amfungulie yule mama. Akasema akifungua leo, kesho kila mtu atadai, na heshima yake itakwisha. "Damu nzito kuliko maji," alisema, akaniambia niende nyumbani, mama yangu ananingoja.

Siku chache nilivumilia. Nilikuwa naingia, nauona mji wangu umekaa pale na mashamba yake, natoka. Kisha asubuhi moja, mjomba akiwa amekwenda kwenye maziko huko Mlalo, niliandika jukwaani. Niliandika kwamba mimi ni mpwa wa msimamizi, tunacheza kwenye mashine moja, na mchezaji wa Muheza alifungiwa kwa kosa ambalo sisi tunalifanya kila siku. Niliomba radhi kwa lugha yangu. Kisha nikabonyeza kutuma.

Jukwaa likalipuka. Watu waliokuwa wamenyamaza kwa miezi walisema yote. Mmoja alisema alishawahi kulalamika akaonywa. Mwingine akamwita mjomba fisadi. Wengine waliandika matusi ambayo siwezi kuyarudia, juu ya mtu aliyekuwa akiwaandikia "ndugu wachezaji". Niliyasoma yote. Nilijiambia ni wajibu wangu kuyasoma.

Kampuni ilimwondoa. Akawekwa kijana wa Mombasa, mkali na mnyoofu, ambaye kwanza alinifungia mimi, kisha akamfungia mjomba. Kuhusu mama wa Muheza alisema kosa ni kosa, sheria haina huruma, akafuta neno mwizi kwenye lile tangazo lakini kufuli akaliacha. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilidhani ukisema ukweli, kila kitu kinarudi mahali pake.

Mjomba hakunigombeza hata mara moja. Aliporudi kutoka mazikoni aliyasoma ya jukwaani akiwa amesimama, akazima mashine, akaniuliza kama jenereta lina mafuta. Mama yangu ndiye aliyenigombeza. "Umemwanika kaka yangu," alisema kwa Kishambaa, na kwa lugha hiyo neno lilinichoma zaidi. "Kama hukuridhika ungekuja kwangu. Angeitwa, angekaa, angeambiwa na wakubwa wenzake. Wewe umekwenda kumvua nguo mbele ya watu wa Mombasa." Hadi leo nina nusu ya jibu tu. Ni kweli nilisema lililokuwa la haki, na ni kweli nilisubiri aende mazikoni ndipo nikasema.

Kulipokuwa na nafasi nilishuka Muheza. Sikuwa nimetumwa. Nilimtafuta sokoni, nikamkuta nyuma ya iliki na mdalasini, anapimia mteja. Nilitaka kupiga goti, akanizuia kwa mkono uliojaa vumbi la pilipili manga.

"Umekula?"

"Bado mama."

"Basi kula kwanza."

Akaagiza wali na maharage kwa mama ntilie wa jirani. Nikala huku akinitazama. Alisema ameanza upya kwa jina lingine, kwa ruhusa ya yule kijana wa Mombasa, ana kipande cha ardhi kame pembeni ya ramani, mbali na mwanawe. "Inachukua siku mbili mahindi kumfikia," alisema, kama mtu anayezungumzia barabara ya kweli. Mwanawe alifaulu mitihani. Alisema kwamba kwenye barua yake alimwambia, mama, nilijua hukuiba. Aliitamka sentensi hiyo polepole, halafu akageuka kuhudumia mtu.

Nilimwambia naona aibu.

"Ona," akasema. "Lakini usiifuge."

Niliporudi Lushoto giza lilikuwa linaanza kuingia, na mjomba alikuwa peke yake kafeni. Hatukuwa tumezungumzia mchezo ule tangu siku ile. Aliniuliza nilikotoka, nikamwambia Muheza. Akaanza kupanga waya nyuma ya meza, waya ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Yule mama, hajambo?"

"Hajambo."

"Hakunitumia salamu?"

Ningeweza kumdanganya. Ingekuwa adabu, na angeamini kwa sababu alitaka kuamini. "Hapana mjomba, hakutuma," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akaniuliza kama nina njaa. Nikasema nimeshakula kwa yule mama.