Muthokoi Kabla ya Pati

Kwa miaka kadhaa ya maisha yangu niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba mtu aliyeshiba muthokoi halewi. Habari yenyewe ilizunguka Machakos yote: punje ya mahindi iliyokobolewa haina ganda la kuizuia, kwa hiyo ikifika tumboni inafyonza pombe kama tambara linavyofyonza maji yaliyomwagika. Nilisimuliwa juu ya mzee mmoja wa upande wa Yatta aliyekula sufuria nzima, akanywa karubu, pombe yetu ya kienyeji, tangu asubuhi hadi jua likatua, kisha akapanda baiskeli kwenda kwake huku akishona kifungo cha shati. Sikuuliza nani alimwona. Nilichojiuliza ni uzi ulikuwa wa rangi gani.

Pengine ningeyasahau hayo, lakini siku hizo nilikuwa nasoma masomo ya jioni. Niliacha shule nikiwa mdogo, na sasa, mtu mzima mwenye kipara na watoto wawili, nilikuwa nimerudi kukalia dawati dogo mpaka magoti yakanigusa masikio. Jioni moja mwalimu wa bayolojia akatufundisha jinsi maji yanavyopenya ndani ya mbegu hadi ikavimba. Nilitoka darasani nikitembea kama waziri. Nyumbani nikaloweka muthokoi kwenye glasi ya bia, na asubuhi punje zilikuwa zimevimba kama meno ya ng'ombe, bia nayo imepungua. Nikamwita mke wangu aje aone sayansi. Aliitazama ile glasi, akasema nimeharibu bia na nimeharibu muthokoi, akaenda kuwasha jiko.

Tulikuwa tukiishi Mumbuni. Ikifika Desemba shule zinafungwa, watoto wanarudi kutoka bweni na sauti nzito ambazo hawakuondoka nazo, na kati ya Krismasi na mwaka mpya kila nyumba yenye spika inakuwa na pati. Mwaka uliotangulia, kijana wa njia ya nyuma yetu alichanganyiwa pombe kali ndani ya soda, akapatikana asubuhi mtaroni. Shule zilifunguliwa yeye bado yuko hospitali. Mama yake, ukimsalimia, alikuwa anaitikia huku anatazama barabara.

Kwa hiyo mwanetu wa kwanza, aliyekuwa kidato cha pili, aliposema ana pati kwa mwenzake wa shule, na wenye nyumba hawatakuwepo mchana huo, mke wangu alikosa usingizi. Mimi nililala kama gunia. Nilikuwa na muthokoi.

"Sasa, mwanafunzi," akaniambia, maana hilo ndilo jina alilonipa tangu nianze masomo, "unataka kumtuma mtoto vitani na sahani ya chakula?"

"Sahani mbili," nikamjibu.

Yeye hakutaka sahani. Alikwenda kuongea na jirani yetu mwenye duka la vitambaa, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, na ambaye binti yake pia alikuwa amealikwa. Wawili hao wakawaendea wenye nyumba kabla hawajasafiri, wakakubaliana jambo: akina mama watakaa langoni na viondo vyao, wasuke, basi. Hawataingia ndani. Hawatamhubiria mtu. Mwanetu aliposikia aliomba arudishwe shuleni hiyo Desemba. Alisema bora tumfunge kwa kamba pale sokoni kila mtu amwone. Mama yake akamwambia hatamsemesha hata neno moja, atakuwa anasuka tu, na kama kiondo kinamwaibisha basi afumbe macho akipita.

Siku ikafika. Nilimlisha mwanangu mpaka akaondoka akitembea kama ng'ombe mwenye mimba. Baadaye nikapita pale kuona mambo. Akina mama walikuwa kwenye vigoda vyao, mke wangu akisokota katani pajani, jirani akijifunza kusuka na kupotea kila mara, na muziki ukitoka ndani kwa kishindo ambacho, naapa, kiliwafanya kuku wa Mumbuni wasitage hadi Februari. Nikawasalimia kama kampuni ya ulinzi. Nikamuuliza jirani anatafuta nini, yeye ambaye kwake hakuna hata harufu ya pombe.

"Kweli, kwangu haijawahi kuingia," akasema bila kuinua macho. "Lakini watoto wangu hutoka."

Nikacheka, nikaenda zangu kusoma jiografia.

Mwanangu alirudi na mama yake kabla giza halijaingia, macho meupe, miguu imenyooka. Nilimsimamisha kwa mguu mmoja kwenye veranda nikamwambia ataje miezi kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Aliitaja. Niliruka juu nusura nitoboe mabati. Mke wangu alinitazama kidogo, akataka kusema kitu, kisha akamtazama mwanawe, akaingia ndani na kiondo chake. Darasa la jioni lilisikia habari hiyo hadi mwalimu wa hesabu akaniomba nipumzike. Wazazi wa Machakos nzima, mpaka Syokimau, wakaanza kuloweka muthokoi. Angalau mmoja alianza, maana alinisimamisha njiani akaniuliza inachemshwa muda gani.

Desemba iliyofuata ikawa zamu ya binti yetu. Mke wangu alikuwa Katangi akimuuguza mama yake, na jirani alikuwa amekwenda Mombasa harusini. Langoni hakungekuwa na mtu. Mimi sikuona tatizo. Niliinjika sufuria mapema, nikamketisha binti jikoni, nikampakulia. Alikuwa kwenye sahani ya pili, akilalamika kwamba nguo itapasuka, wakati kaka yake alipokuja akasimama mlangoni. Sasa alikuwa ananipita kimo.

"Baba, wewe utaenda kukaa pale?"

Nikamwambia hakuna haja. Nikamwambia ushahidi ni yeye mwenyewe, kula alikula na nyumbani alirudi mzima. Nikachota mwiko mwingine.

Hakucheka. Alikuja akaiondoa ile sahani mbele ya dadake, taratibu, na akanishika mkono wenye mwiko.

"Baba, muthokoi haifyonzi pombe. Ni chakula tu. Mwaka jana sikulewa kwa sababu sikunywa. Walinijazia glasi, wote wakanitazama, nikashindwa kusema hapana. Nikawaambia mama ananiita. Nikatoka, nikakaa naye pale langoni nikimshikia uzi mpaka wakanisahau. Nilimwomba asikuambie, ulikuwa umefurahi sana. Lakini kama hakungekuwa na mtu pale nje, ningekunywa."